Vioo vya Picha Makashani Mwetu

Mirathi inapogawanywa katika nyumba zetu za pwani, mambo hufuata taratibu inayojulikana. Marehemu huzikwa, deni hulipwa, wasia hutekelezwa, kisha huhesabiwa nyumba, shamba na dhahabu, na mwishowe hata samadari na mabirika ya shaba. Kila kitu hupata mwenyewe. Lakini ziko nyumba ambazo, baada ya hayo yote, hubaki sanduku moja lisilodaiwa na mrithi yeyote. Ukilifungua wakuta vipande vya kioo vilivyofungwa kwa magazeti makuukuu, vizito, vyenye weusi upande mmoja. Ukikiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha waona mtu wa ajabu: kanzu yake nyeusi, kofia yake nyeusi, uso wake mweupe kama wa mzuka. Watoto hucheka au hukimbia. Watu wazima husema kuwa hizo ni takataka za zamani, na sanduku hupelekwa jalalani, au huuzwa kwa wale wapitao mitaani wakiuliza milango ya nakshi na viti vya enzi.

Vile vioo si takataka. Ndivyo asili ya picha. Karatasi iliyotundikwa ukutani ni nakala tu. Kioo ndicho kilichokuwamo ndani ya kamera siku ile, kikapigwa na mwanga uliotoka kwenye uso wa babu mwenyewe. Leo twataka kueleza ni kitu gani hiki, kimefikaje kwetu, na haki zipi zimo ndani yake. Maswali haya yamekuwa yakiletwa kwetu, na mengi huletwa na akina mama, ambao ndio washikao funguo za makasha.

Tuanze na chombo chenyewe. Kamera kubwa ya zamani ni sanduku la mbao lililowekwa juu ya miguu mitatu. Mbele pana lenzi, nyuma pana kioo chenye ukungu, na baina yao mvukuto uliokunjwakunjwa kama ule wa kinanda cha mkono, ili mbele na nyuma viweze kusogezwa karibu au mbali. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, na juu ya kile kioo cha nyuma humwona mtu aliyesimama mbele yake, kichwa chini miguu juu. Jambo hili la picha kupinduka halikugunduliwa na wazungu wa juzi. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi na kufa Cairo yapata miaka 1,000 iliyopita, alilichunguza alipotazama mwanga wa jua lililopatwa ukipita katika kitundu kidogo na kuingia mahali penye giza.

Baada ya kuisawazisha picha, mpiga picha huweka badala ya kile kioo cha ukungu kibebeo chenye kioo kingine kilichopakwa dawa, hufunua lenzi, huhesabu, kisha hufunika. Muda ule wote mtu aliye mbele yatakiwa asitikisike. Wajukuu wengi hudhani babu zao walikuwa wakali kwa vile walivyokaza nyuso pichani. Hasha! Waliambiwa wasipumue.

Hapo mwanzo kazi hii ilikuwa na mashaka makubwa. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupaka kioo dawa iitwayo kolodioni. Hakujiwekea haki ya kumiliki uvumbuzi wake, akafa maskini mwaka 1857 hali wengine wakitajirika kwa kazi yake. Kioo chake kilipaswa kupigwa na kusafishwa kikingali kibichi, katika muda wa dakika 10 au 15, kwa hivyo mpiga picha wa safarini alibeba chumba chake cha giza ndani ya hema. Ni katika zama hizo za kioo kibichi ambapo Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi la Misri, alipiga picha za Madina mwaka 1861. Na mwaka 1880, akiwa katika msafara wa Hija, akapiga picha za Makka. Yeye ndiye wa kwanza anayejulikana kuipiga picha miji hiyo miwili. Kisha mwaka 1871 tabibu wa Kiingereza, Richard Leach Maddox, ambaye afya yake ilidhuriwa na mvuke wa zile dawa, akapendekeza jelatini badala ya kolodioni. Kutoka hapo vikapatikana vioo vikavu vilivyouzwa dukani ndani ya maboksi, vilivyoweza kungoja miezi. Hivyo ndivyo, kwa sehemu kubwa, vilivyomo katika masanduku yetu.

Pwani hii wapiga picha walifika mapema. Unguja palikuwa na studio za Wagoa, kama ya Gomes na ya ndugu Coutinho. Na Mombasa, wakati wa ujenzi wa reli, palikuwa na William Young, aliyeipiga picha reli ile ikijengwa. Wenye studio walikuwa wageni, ila waliosimama mbele ya lenzi walikuwa watu wa nchi, na vijana waliobeba ndoo za maji na kukausha vioo juani walikuwa wa mitaa yetu.

Waulizao hukumu ya picha zenyewe wanajua kuwa wanazuoni wamekhitalifiana, na hatutaufungua mlango huo hapa. Twataja moja tu kwa sababu lahusu kioo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliandika risala nzima juu ya suala hili, akaona kuwa picha ya kamera si kuumba sura bali ni kukizuia kivuli kisiondoke. Aliyewahi kukishika kioo cha picha atakubali kuwa sifa hiyo yakifaa kuliko picha yoyote ya karatasi.

Na kivuli hicho kimezuiwa kwa ukamilifu ambao simu zetu hazijaufikia kwa wepesi. Katika kamera hizi mara nyingi picha ilitolewa kwa kuilaza karatasi juu ya kioo na kuianika juani, ukubwa kwa ukubwa, pasi na kukuzwa. Hakuna kilichopotea njiani. Chukua kioo chenye upana wa kiganja na kioo cha kukuzia, na utahesabu mishono ya kofia. Ndiyo sababu wako wapiga picha hadi leo, Ulaya na Marekani, wanaobeba masanduku yale ya mbao, na kampuni kama Ilford na Kodak bado huwatengenezea filamu za vipande vikubwa, kipande kimoja kwa picha moja. Filamu ile ni mtoto wa kioo: dawa ni ile ile, kilichobadilika ni mgongo tu.

Sasa tuje kwenye mirathi. Familia moja ya Mji wa Kale ilitujia na sanduku la vioo 34. Babu yao alikuwa msaidizi katika studio ya Mhindi mmoja, na studio ilipofungwa akaruhusiwa kuchukua vioo atakavyo. Warithi walikuwa 9. Wanane hawakujua la kufanya. Wa tisa alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vitu vya kale, naye alitajiwa bei nzuri. Kijana huyu hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa na karo za watoto, na alisema neno la haki: kama ni mali ya marehemu basi ni tarika, na katika tarika ana fungu lake.

Tulimwambia kuwa amesema kweli. Kioo ni mali, na mali ya maiti ni ya warithi wake wote, si ya aliyekuwa na ufunguo wa chumba. Lakini ndani ya kioo mna sura ya mtu, na pengine sura ya mwanamke aliyevua buibui lake ndani ya nyumba yake, mbele ya aliyemwamini. Sura ile haikuuzwa siku ile, wala wajukuu hawakurithi ruhusa ya kuiuza. Kisha tukawasimulia visa viwili, tusitake kumwaibisha mtu, bali wajue ni kitu gani hupotea kioo kitokapo nyumbani bila jina.

Cha kwanza ni cha Makka. Mwaka 1885 Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje aliingia Makka na kukaa miezi kadhaa, akiwa na kamera. Huko alishirikiana na tabibu wa mji ule, Sayyid Abd al-Ghaffar, naye tabibu akawa mpiga picha. Mholanzi alipotolewa mjini kabla ya Hija, tabibu aliendelea kupiga picha za Haram, za mahujaji na za wakuu wa mji, na nyingi zikafika Uholanzi. Sayyid alikuwa akitia saini kwa Kiarabu, akijitaja jina na utabibu wake. Mwaka 1889 Hurgronje alitoa kitabu cha picha hizo. Jina la Sayyid halikutajwa. Alitajwa tu kuwa ni tabibu wa Makka, na saini zake zilifutwa katika picha zilizochapwa. Ulimwengu ulizitazama picha za Mmakka wa mwanzo anayejulikana kushika kamera kwa karibu miaka 100, ukidhani ni za mgeni.

Cha pili ni cha Bamako, Mali. Seydou Keïta alikuwa seremala kijana aliyejifundisha picha mwenyewe. Mwaka 1948 alifungua studio katika kiwanja cha familia yake, karibu na stesheni ya reli. Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, akapiga uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kila mteja alipata pigo moja tu. Watu walikuja na nguo zao za Idi, saa mkononi na redio kando. Asiye nayo aliazimwa pale pale studio. Mama na binti, mume na mke, marafiki wawili waliofunga vilemba sawasawa. Alihifadhi negativu zake masandukuni, na baadaye studio ikafungwa. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York, nazo zimeandikwa kuwa mpigaji hajulikani. Hajulikani! Naye alikuwa hai Bamako, na kila mzee wa mtaa wake angaliweza kumwonyesha mgeni mlango wake. Mfaransa mmoja alikwenda kumtafuta, akampata, na negativu zaidi ya 900 zikasafiri kwenda Ulaya. Keïta alipata umaarufu mkubwa kabla hajafa mwaka 2001. Alipofariki tu, ukazuka mzozo juu ya nani mwenye haki na zile negativu. Hatuna la kuhukumu katika mzozo ule. Twaona tu kwamba zilitoka masandukuni, na neno la wazi lisilobishaniwa halikutoka pamoja nazo.

Yule kijana aliuliza: "Sasa ndio tusiuze?" Tukamjibu kuwa kwanza wajue wana nini. Na ajuaye alikuwa mmoja tu, shangazi yao, mwenye miaka 80 na kitu, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kiti chake muda wote ule.

Aliletewa vioo kimoja kimoja dirishani. Akavitazama, akatikisa kichwa. Nani amjuaye mamake kwa uso uliogeuka mweupe na nywele za mvi ambazo hakuwa nazo? Ndipo binti mmoja wa darasa la tisa akafanya jambo ambalo sisi wazee tusingalifikiria. Aliwasha kioo cha tableti kikawa cheupe chote, akaweka kitambaa chembamba cha plastiki juu yake ili kisikwaruzwe, akakilaza kioo cha picha hapo, kisha akachukua simu ya mama yake, akaitia kwenye ule mpangilio wa kugeuza rangi na kufungua kamera. Weusi ukawa weupe, weupe ukawa weusi, na mwanamke akatokea juu ya simu kama aliyeingia chumbani.

Shangazi akasema, "Mama." Hakusema zaidi kwa kitambo. Kisha akaomba wanaume watoke, nasi tukatoka.

Katika ule mchana mmoja bi mkubwa yule alitaja majina ya watu 19. Mama yake alimtambua kwa uso. Wengine aliwatambua kwa vitu ambavyo hapana mnunuzi angalivijua: pete, jinsi mtu alivyofunga kilemba, mkeka aliousuka nyanya yao. Kwenye ukingo wa leso moja mlikuwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa leso za mwanzo, nayo yalisomeka kinyume. Hilo likatufundisha jambo la faida: kioo kikitazamwa na upande wenye dawa ukiwa kwako, kulia huwa kushoto. Kigeuze, upande unaong'aa uwe kwako, na maandishi yatasomeka sawa. Vioo vingine vilikuwa na nambari zilizokwaruzwa pembeni. Hizo ni nambari za daftari la studio, na daftari lingalikuwapo tungalijua kila aliyelipa. Daftari halipo.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Vioo vya wanawake wa nyumba, 7, vilitiwa katika boksi lao, juu yake pameandikwa kuwa visifunguliwe ila na wanawake wa ukoo au maharimu wao, na nakala zake zisitiwe katika simu ya mtu yeyote. Binti aliyeona haya ni ukali wa kupita kiasi alijibiwa na shangazi kwamba anayevuliwa si yeye. Vioo vya wanaume na vya harusi vilinakiliwa kwa kila mrithi. Vya watu baki, ambao shangazi hakuwatambua, vimewekwa kando, na jamaa wanawauliza wazee wa mitaa mingine, kwani huenda mahali fulani mna mjukuu asiyewahi kuuona uso wa babu yake. Na yule kijana je? Warithi wenzake walimlipa fungu lake kwa njia ya kutoka katika mirathi kwa maridhiano, iitwayo takharuj, kwa bei aliyoiridhia. Alichukua fedha, na alichukua nakala pia. Hapana ubaya katika hilo.

Yaliyobaki ni ya mikono. Mwenye vioo na avishike kwa kingo, kama ashikavyo sinia la chai, wala kidole kisiguse upande wa dawa. Upande huo haung'ai. Ule unaong'aa ni kioo kitupu. Vumbi lifutwe kwa brashi laini upande wa kioo kitupu peke yake. Maji na sabuni, hasha. Jelatini ni ile ile igandishayo jeli ya watoto. Ikipata maji huvimba, huteleza, na uso wa mtu huondoka nao. Spiriti nayo huyeyusha vile vya kolodioni. Ukiona mng'ao wa kibuluu wa madini ya fedha kwenye kingo, usiusugue. Ni uzee, hauambukizi.

Magazeti yaondolewe, maana karatasi yake ina asidi. Kadhalika mipira ya kufungia, seloteipu na mifuko ya plastiki. Kila kioo kipate bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi. Ikikosekana, karatasi nyeupe safi ni afadhali kuliko gazeti. Andika jina juu ya bahasha kwa penseli kabla ya kutia kioo ndani, kwa kuwa mkandamizo wa mkono waweza kukivunja. Visimamishwe kwa ubavu mrefu, kama vitabu rafuni; vikilazwa kimoja juu ya kingine, uzito wa vya juu huvunja vya chini. Na boksi liwe dogo, maana kioo ni kizito na abebaye huenda akawa mjukuu.

Adui wetu mkubwa ni hewa. Watunzaji wa makumbusho hutaka unyevu usizidi asilimia 30 hadi 40. Ukipita 65 kuvu huanza kula jelatini, na pwani huwa tumepita hapo muda mwingi wa mwaka. Hatutaweza kugeuza bahari. Twaweza kuchagua kabati lililo kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu, si sakafuni wala chini ya mabati, na kutia ndani vile vifuko vya jeli ya silika vinavyokuja na viatu vipya, tukivibadilisha kila vinapochoka.

Kioo kilichovunjika kisitupwe wala kisigundishwe. Vipande vyake vilazwe bapa baina ya kadi mbili ngumu, visigusane, na juu yake paandikwe kwamba kimevunjika, ili atakayefungua asijikate. Vyaweza kupangwa tena siku ya kunakiliwa, na mstari wa ufa utaonekana pichani, na uonekane.

Kunakili kwaweza kufanywa kama alivyofanya binti yule, na nakala zikawekwa katika nyumba mbili tofauti. Na kwa asiyejua aanzie wapi: bahasha zaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao, kabati laweza kungoja fundi. Mwenye bi mkubwa wa miaka 80 nyumbani na aanze kwake, Ijumaa hii baada ya chakula, mwanga wa dirishani ukingali mzuri.